Bismarck ya 1:350: nipake mistari au kijivu tupu?

manowari_mezani

Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa wale mnaounga modeli za manowari na mnaojali rangi iwe ile yenyewe ya kihistoria, maana mimi nimekwama kabisa. Nina Bismarck, ile manowari ya Mjerumani ya Vita vya Pili vya Dunia, ya 1:350 (ndogo mara 350 kuliko meli halisi), bodi imeshaungana, nimepiga msasa maungio yote, praima imekauka, mizinga na dohani viko pembeni vinasubiri, nikasema sasa nianze rangi ndo vurugu zikaanza. Picha ya juu ya boksi inaonyesha meli ina mistari mipana ya nyeusi na nyeupe ubavuni, karatasi ya maelekezo nayo ina mistari, ila michoro karibu yote ninayokutana nayo ya ile siku inapigana na Hood, manowari ya Mwingereza, meli ni kijivu mwanzo mwisho, mstari hamna hata mmoja. Nani anadanganya hapo?

Cha pili ni kijivu chenyewe. Nina vichupa viwili vya kampuni mbili tofauti, vyote vimeandikwa jina lile lile la kijivu cha jeshi la majini la Ujerumani. Nikapuliza kwenye vijiko vya plastiki nikaviweka sambamba, kimoja kinakimbilia kwenye bluu, kingine kina ukijani flani hivi kama kimeingia tope. Havifanani hata kwa mbali. Nishike kipi?

Cha tatu sitaha ya mbao, nimeona watu wanapaka njano ya haradali, wengine kahawia, wengine karibu kijivu.

Na tafadhali asije mtu akaniambia hobi ni yako paka unavyotaka. Hilo nalijua. Nataka kuipaka ilivyokuwa.

Fundi_Msasa

Mkuu kabla hujafungua kichupa chochote taja tarehe. Sio mwaka, tarehe. Ukisema tu "Bismarck" hujasema kitu, maana ile meli iliishi muda mfupi sana lakini ilibadilishwa nguo kila mara.

Ilikabidhiwa jeshini Agosti 1940 ikiwa kijivu tupu. Ile mistari ya nyeusi na nyeupe ya mshazari ni ya kipindi cha mazoezi kule Baltiki, mwanzoni mwa 1941, na kipindi hicho omo na tezi (mbele na nyuma ya meli) vilipakwa kijivu cheusi halafu wakachora mawimbi ya uongo meupe pale giza linapoishia, ili mtu akitazama kwa mbali aone meli fupi kuliko ilivyo. Hiyo ndo iliyopo kwenye boksi lako na ni kweli kabisa, haidanganyi. Ilitoka Gotenhafen (Gdynia ya leo huko Poland) tarehe 19 Mei ikiwa bado na mistari. Tarehe 21 Mei ikapumzika Grimstadfjord karibu na Bergen, Norway, na hapo ndo mabaharia wakashika brashi wakafunika mistari kwa kijivu, kruza Prinz Eugen (meli ya vita ndogo kuliko Bismarck) aliyekuwa naye pia alipakwa upya. Usiku ule wakaondoka. Tarehe 24 ndo Hood, tarehe 27 Bismarck yenyewe ikazama.

Kwaiyo boksi lako na ile michoro yako vyote viko sahihi, vinaongelea wiki tofauti ya mwezi mmoja. Ukitaka mistari, unajenga meli ya Baltiki na ya safari ya kwenda Norway. Ukitaka meli iliyoizamisha Hood basi hakuna mistari. Kinachoniudhi mimi ni modeli yenye mistari mikali inang'aa halafu kibao cha chini kimeandikwa 24 Mei 1941, hapo ndo tunakosana.

kijivu_tupu

Nyie watu bwana mnapenda kujitesa. Fuata karatasi ya boksi, wale waliochora wamelipwa kufanya utafiti, wewe unamwambia mwenzio ataje tarehe kama yuko mahakamani. Ukiiweka kabatini nani atakuja na kipimo cha rangi? Mimi zangu zote kijivu cha kopo la kupuliza, kijivu kimoja kwa Mjerumani, Mwingereza na Mjapani na zinapendeza vizuri tu.

Fundi_Msasa

@kijivu_tupu zako zinapendeza sikatai nimeziona. Ila jamaa ameuliza swali lake na alishasema jibu hilo hataki, soma mstari wa mwisho.

nanga_na_mnyororo

Naongezea kwenye hoja ya tarehe kwasababu kuna kitu watu wanasahau, zile alama za swastika kwenye sitaha. Kulikuwa na moja mbele na moja nyuma, duara jeupe juu ya uwanja mwekundu, kazi yake ilikuwa kuwatambulisha kwa ndege zao wenyewe. Walipokaribia kuingia Atlantiki haikuwa na maana tena maana ndege yoyote ambayo ingetokea huko ingekuwa ya adui, na alama nyekundu kubwa vile ni kumwonyesha rubani pa kulenga. Zikafunikwa tarehe 22 Mei. Kwaiyo ukichagua tarehe 24, stika za sitaha unaziacha kwenye karatasi yake. Kwenye maboksi mengi huwa hazipo kabisa au zimekatwa vipande vipande uunge mwenyewe, kwasababu Ujerumani kuna sheria inayobana kuonyesha alama ile.

Sasa kijivu. Mjerumani alikuwa na kijivu cha bodi na kijivu cha majengo ya juu, ni vitu viwili. Cha bodi kinaitwa Dunkelgrau 51, cha majengo ya juu Hellgrau 50, yaani bodi iwe nyeusi kidogo kuliko minara. Nasema kidogo. Wanamodeli wengi wanakadiria 51 kwa RAL 7000 na 50 kwa RAL 7001 (RAL ni mfumo wa Kijerumani wa namba za rangi), ukiziweka kadi hizo mbili mkononi utaona tofauti yake ni ndogo, zote mbili zina ubaridi wa bluu ndani yake. Kwaiyo kati ya vijiko vyako viwili mimi nashika kile cha bluu bila kufikiria mara mbili. Chenye ukijani na tope sijui walitoa wapi.

Ila angalia kosa la pili ambalo ni baya kuliko la kwanza: watu wakisikia bodi nyeusi na juu nyeupe basi wanapaka chini makaa ya mawe na juu maziwa. Ukisimama hatua chache kutoka mezani inatakiwa macho yasite kidogo kabla hayajaona kuwa ni kijivu viwili.

baharia_wa_karatasi

Nimefurahi mada hii ipo, nina la kusema kuhusu picha maana hapo ndo ugomvi wote wa rangi unapoanzia.

Watu wanachukua picha ya nyeusi na nyeupe wanaitazama wanasema "unaona hapa ni giza, kwaiyo kijivu cheusi". Aisee, taratibu. Filamu za zamani hazikuwa zinaona rangi kama jicho. Filamu nyingi za ile aina inayoitwa othokromatiki hazikuiona nyekundu kabisa, nyekundu ikawa inatoka karibu nyeusi, na bluu ikawa inatoka nyepesi kuliko ilivyo. Halafu kuna zile zilizokuja kuiona nyekundu pia, na mpiga picha anaweza kuwa ameweka kioo cha njano mbele ya lenzi ili mawingu yatokee, basi bluu yote ya kwenye meli ikashuka giza. Kwaiyo meli ile ile, siku ile ile, wapiga picha wawili, unapata vijivu viwili. Ndo maana utakuta mtu ameapa kuwa rangi ya chini ya mstari wa maji ilikuwa nyeusi kwasababu kwenye picha ni nyeusi, kumbe ni ile nyekundu ya kuzuia majani na chaza wasiote, filamu ndo haikuiona.

Halafu mwanga. Zile picha za Bismarck zilizopigwa kutoka Prinz Eugen tarehe 24 asubuhi, nyingi meli inaonekana kivuli tu maana mwanga uko nyuma yake. Ukichukua kijivu chako kutoka kwenye picha ile utapaka meli nyeusi. Rangi iliyolowa nayo ni nyeusi kuliko kavu, na meli ya vita Atlantiki ya kaskazini inalowa muda wote, omo ikipanda na kushuka maji yanamwagika ubavuni.

Picha inakupa vitu viwili tu vya kuamini: mpaka kati ya rangi na rangi unapita wapi, na ipi ni nyepesi kuliko jirani yake kwenye picha hiyo hiyo. Rangi yenyewe utaitafuta kwenye nyaraka za jeshi na kwenye mabaki ya chuma chenye rangi. Hata hayo mabaki nayo ni ya kusomwa kwa akili, mafuta ya kwenye rangi ya zamani yanageuka njano yakikaa gizani na juu yanachakaa kuwa unga unga. Mnamkumbuka HMS Victory, ile meli ya Nelson, amiri wa Mwingereza, kwenye vita vya Trafalgar 1805? Miaka na miaka watu wameipaka ile njano kali na nyeusi, na modeli zote duniani zikafuata. Wataalamu wakachukua vipande vya rangi wakavisoma kwa hadubini, wakakuta matabaka zaidi ya 70 moja juu ya jingine, na mwaka 2015 meli ikapakwa upya rangi hafifu inayoelekea pinki. Wazee wa modeli walilia. Ila ndo hivyo.

manowari_mezani

Wakuu asanteni sana, kwakweli nimeelewa kuliko nilivyotegemea. Basi nachagua 24 Mei, asubuhi, kabla risasi ya kwanza haijatoka. Mistari hamna, alama za sitaha hamna.

Ila @Fundi_Msasa hapo umeniachia swali jingine. Kama mistari ilifunikwa kwa brashi na mabaharia ndani ya siku moja, tena meli ya mita 251, ilifunikwa vizuri kweli? Haikuwa inaonekana onekana kwa chini? Na kama ilikuwa inaonekana naionyeshaje kwenye plastiki bila kuonekana nimekosea kupaka?

Na lile swali la sitaha bado.

rangi_saba

Naingilia kidogo kwa sababu naona mnamsema Mjerumani tu, mje mwone kwa wengine muone kama Mjerumani ana nafuu.

Mjapani: hakukuwa na kijivu cha Kijapani kimoja, kila karakana kubwa ya jeshi ilikuwa na chake. Kure, Sasebo, Yokosuka, Maizuru. Tamiya, kampuni ya modeli na rangi zake, wanaviuza vyote vinne kila kimoja na kichupa chake. Kwaiyo kabla ya kupaka unauliza meli hii ilijengwa wapi na mara ya mwisho kupandishwa kwenye chelezo ilikuwa wapi. Yamato imejengwa Kure, hiyo rahisi, wengine ndo utatafuta.

Mmarekani, ambaye kila mtu anasema ana nyaraka nzuri, rangi zake za vita zilitoka kwenye msingi mmoja mweupe, 5-U, unaongeza kikolezo cha bluu-zambarau kinachoitwa 5-TM. Kidogo unapata Light Gray, ongeza unapata Haze Gray, endelea unapata Ocean Gray, endelea tena unafika Navy Blue, na nyingi zilichanganywa hukohuko na walioenda kupaka. Haya niambieni baharia mwenye ndoo na fimbo ya kukorogea kama amepima kwa kijiko cha dawa. Mwaka 1945 ile bluu ya kukolezea ikaadimika wakahamia kwenye kijivu kisicho na bluu. Kwaiyo Navy Blue ya 1943 na ile ya mwishoni 1945 kwa jina ni ndugu, kwa sura hapana.

Na tarehe kwa Mmarekani ndo usiseme. Kruza USS Indianapolis mwaka 1944 ilikuwa na yale mabaka ya kuvuruga macho, mpango wa rangi ulioitwa Measure 32. Ilipozamishwa tarehe 30 Julai 1945 ilikuwa Measure 22, bluu ya giza chini hadi usawa wa sitaha na Haze Gray juu, imepigwa mstari wa kulala sawasawa. Watu wanapenda mabaka maana yanavutia, halafu wanaipaka hivyo ikiwa safari ya mwisho.

Mwingereza ndo kiboko. Mountbatten, ofisa wao wa majini, alikuja na pinki mwaka 1940! Kijivu kilichochanganywa na wekundu, akiamini meli inapotea alfajiri na magharibi. Kruza HMS Kenya alipakwa hiyo akaenda nayo kwenye uvamizi wa Vaagso, Norway, Desemba 1941, mabaharia wakambandika jina la Pink Lady. Mimi nimeijenga ya 1:700 na kila anayeiona anauliza rangi iliharibika au vipi.

kijivu_tupu

Pinki!! hahaha haya mimi nimekaa kimya. Hiyo HMS Kenya nataka kuiona weka picha.

nanga_na_mnyororo

@rangi_saba umenikumbusha, na hii inamhusu mwenye mada. Umbali. Modeli ya 1:350 ukiitazama kwa sentimita 40 ni kama umesimama mita 140 kutoka kwenye meli halisi. Ya 1:700 kwa umbali huo huo ni mita 280. Kati yako na meli hapo kuna hewa, unyevu, ukungu, na hewa inaosha rangi, giza linapanda kuwa jepesi na rangi kali zinapoa. Ndo maana ukipaka rangi sahihi kabisa ya kadi kwenye modeli ya 1:700 inatoka nzito kama tofali. Kwaiyo unaipunguza makali.

Ila usikimbilie nyeupe tu. Nyeupe kwenye kijivu cha bluu inakupa ubaridi zaidi, na nyeupe kwenye nyekundu ya chini inakupa pinki, na hiyo pinki haijaagizwa na Mountbatten. Kwenye kijivu mimi natia kijivu chepesi cha familia ile ile, kwenye nyekundu natia rangi ya ngozi au ya mchanga. Kwa 1:350 kidogo tu, sehemu moja kwa tisa inatosha. Wapo wanaopinga jambo hili lote wanasema rangi ni rangi, na nawaelewa, ila nikiweka modeli mbili sambamba jicho langu linachagua ile iliyopunguzwa.

Fundi_Msasa

Haya turudi kwa mwenye mada.

Mistari kuonekana kwa chini. Meli ilipakwa kwa haraka, wamening'inia kwenye mbao ubavuni, wanafunika nyeusi na nyeupe kwa kijivu. Nyeusi chini ya kijivu cha mkono mmoja haifi, anayewahi kupaka ukuta anajua. Mimi naiweka lakini kwa woga, namna hii: paka bodi yote ile mistari kwanza, nyeupe halafu nyeusi, tumia tepu ya kuzibia yenye ukingo mkali, ila nyeusi isiwe nyeusi kweli, iwe kijivu cha giza. Toa tepu. Sasa pitisha msasa laini ule wa maji, namba 2000 kuendelea, kwenye ule ukingo ambapo rangi mbili zinakutana maana tepu inaacha kigongo, na kigongo kile ukikiacha ndo kitakuumbua, kitaonekana hata chini ya matabaka mengi na mtu ataona kosa lako badala ya kuona historia. Halafu Dunkelgrau kwa eabrashi (brashi ya kupuliza kwa hewa), thina nyingi, presha ndogo, pitisha tabaka jembamba kama moshi, subiri ikauke, pitisha tena. Kila tabaka likikauka isogeze modeli dirishani uitazame kwa pembeni, ukisimama mbele yake moja kwa moja utadanganyika. Ikifika mahali mistari unaiona pale tu unapojua ipo, acha. Usiongeze hata pumzi moja.

Kama unaona ni kazi kubwa, paka kijivu safi na hakuna wa kukushika koo. Ila omo na tezi zile za giza zinataka uamuzi, wapo wanaoziacha na wapo wanaozifunika, na picha zinasomeka pande zote mbili. Mimi ningezifunika kwa namna hiyo hiyo ya mistari, zibaki nyeusi kidogo tu kuliko katikati.

Juu ya mizinga mikubwa nako kuna wanaopaka njano na wana hoja zao. Kwa asubuhi ya tarehe 24 mimi ningeweka kijivu cheusi.

baharia_wa_karatasi

Sitaha nijibu mimi. Ni mbao ya mtiki. Mtiki mpya ni kahawia ya dhahabu, mtiki uliosuguliwa kila siku na kupigwa na chumvi na jua unageuka kuwa wa fedha, kijivu chenye joto kidogo ndani. Ukilowa unarudi kuwa wa giza. Kwaiyo wote uliowaona wako sahihi isipokuwa yule wa haradali, yule mwambie aache. Meli hii haikuwa imekaa baharini miaka, kwaiyo usiende kijivu kabisa, kaa katikati. Paka rangi ya mchanga mkavu yote, halafu chukua brashi nyembamba na chagua ubao mmoja mmoja hapa na pale, huu mpe kahawia kidogo, huu kijivu kidogo, bila mpangilio. Kisha rangi ya mafuta ya kahawia ya giza, iyeyushe kwa thina mpaka iwe kama chai ya rangi, paka, subiri kidogo, futa kwa pamba ya masikio ukifuata urefu wa mbao kutoka omo kwenda tezi. Usifute kwa kukata mbao, utaacha michirizi upande usio wake.

Sehemu za sitaha za chuma sio mbao, hizo ni kijivu cheusi. Tazama mchoro vizuri, kwenye majengo ya juu nyingi ni chuma na watu wanazipaka mbao kwa mazoea.

Halafu naona hakuna aliyetaja taa. Vile vijiko vyako ulivilinganishia wapi? Kama ni chini ya taa ya njano ya usiku basi rudia mchana karibu na dirisha, kivulini sio juani. Rangi mbili zinaweza kufanana chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine. Na kama modeli itakaa chini ya taa flani maisha yake yote, basi itazame na chini ya hiyo taa kabla ya kuamua.

manowari_mezani

@baharia_wa_karatasi aisee nimevipeleka dirishani saa hii. Kile cha bluu kimepoa kabisa, kimekuwa kijivu cha heshima. Chenye tope kimezidi kuwa tope. Nimeamua, nashika cha bluu, nakipunguza kama alivyosema @nanga_na_mnyororo.

Mistari nitajaribu ile ya moshi moshi kwanza kwenye kipande cha plastiki kilichobaki. Swali la mwisho wakuu halafu nawaacha: naanza juu au chini? Yaani nyekundu ya chini, ule ukanda wa giza wa mstari wa maji, na kijivu, kipi kinatangulia? Na kuchakaza, nimeona watu wanamwaga kutu mpaka meli inaonekana imetolewa chini ya bahari.

Fundi_Msasa

Nyekundu kwanza, puliza ipite juu kidogo ya mstari wa maji. Ikikauka vizuri, namaanisha mpaka kesho yake, weka tepu, puliza ukanda wa giza. Halafu tepu nyembamba juu ya ukanda wenyewe, ubaki na upana unaoutaka, ziba chini yote kwa karatasi, ndo uanze habari za mistari na kijivu. Mstari wa maji usiupime kwa macho: laza modeli kwenye kitu kilicho sawa kabisa, funga penseli kwenye kibao kwa urefu unaotaka, zungusha kibao kuizunguka meli. Bodi imepinda omo na tezi, ukifuata kwa jicho mstari utapanda.

Ukishaweka kila tepu, pitisha kwanza rangi ya chini yake tena kwenye ukingo wa tepu, tabaka jembamba, inaziba vile vipenyo, rangi inayofuata haivuji.

Kutu: meli haikuwa na hata mwaka tangu ikabidhiwe na ubavu ulikuwa umetoka kupakwa siku tatu nyuma. Kutu weka kwenye mnyororo wa nanga na michirizi miwili mitatu chini ya matundu ya nanga, basi. Kinachotakiwa ni chumvi, weupe mwembamba sana karibu na mstari wa maji upande wa omo. Vanishi ya mwisho isiyong'aa hata kidogo, manowari inayong'aa inarudi kuwa mwanasesere hapo hapo.

nanga_na_mnyororo

Na kama una mpango wa kuiweka kwenye bahari ya kutengeneza, umesema kabla ya risasi ya kwanza, kwaiyo iweke imelala sawa majini. Ile picha maarufu omo imezama kidogo ni baada ya mapigano, mizinga ya Prince of Wales, manowari ya Mwingereza iliyokuwa na Hood, ilishaipiga na maji yalishaingia mbele. Nimeona modeli nzuri sana imechanganya hivyo viwili.

rangi_saba

@kijivu_tupu picha ya HMS Kenya nimeweka kwenye uzi wa 1:700. Usicheke kabla hujaitazama jioni taa zikiwa zimezimwa.